Kazi ya Beki na Ujira Wake

Beki wa mpira wa miguu ni mfano wa mlinzi wa ghala wa zamu ya usiku. Asubuhi wakikuta mali yote ipo, hakuna amwambiaye ahsante, maana hakuna lililotokea. Lakini likipotea gunia moja, jina lake huwa la kwanza kutajwa. Mshambuliaji aweza kukosa mara tisa, akafunga mara moja, akabebwa mabegani. Beki akizuia mara tisa, akashindwa mara moja, watu hurudi majumbani wakilisema kosa lake njia nzima. Kwa sababu hiyo si desturi ya magazeti kumwandikia beki ukurasa wa maoni. Leo twaiacha desturi hiyo. Twataka kusema habari za Mjapani mmoja, Yuji Nakazawa, aliyeifanya kazi hiyo kwa misimu ishirini, tangu 1999 mpaka 2018. Kwani limo jambo katika habari zake ambalo, kwa maoni yetu, aghalabu husimuliwa upande mmoja tu.

Nakazawa alizaliwa tarehe 25 Februari 1978 katika mkoa wa Saitama, kaskazini ya Tokyo. Alisoma katika shule ya sekondari ya ufundi ya Misato, shule isiyokuwa na jina kubwa katika mpira. Nchini Japani mashindano ya shule za sekondari ni kama gulio: wakubwa wa klabu huja kutazama na kuchagua, na kijana ambaye shule yake haikufika kwenye mashindano ya taifa ni kama bidhaa iliyobaki shambani. Nakazawa hakufika. Alipomaliza masomo alisafiri mpaka Brazili, akafanya mazoezi na vijana wa klabu ya América mjini Belo Horizonte. Aliporudi kwao hapakuwa na klabu iliyomngoja. Mwaka 1998 alipata ruhusa ya kuingia katika mazoezi ya Verdy Kawasaki, klabu iliyokuwa bingwa wa ligi ya kulipwa katika miaka yake miwili ya kwanza, 1993 na 1994. Twasema ruhusa, maana hakupewa mkataba wala mshahara. Alikuja, akakimbia, akagongana na watu waliokuwa wakilipwa, akarudi kwao mikono mitupu. Na kesho yake akaja tena.

Mwaka 1999 Verdy wakampa mkataba. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amekwisha kuitwa katika timu ya taifa, akatajwa mchezaji mpya bora wa ligi, na jina lake likaandikwa miongoni mwa wachezaji kumi na mmoja bora wa msimu. Mtu aliyekuwa haonekani kuwa na thamani ya ujira wa mwezi mmoja akawa, kwa muda wa miezi michache tu, mmoja wa mabeki wa kwanza wa taifa lake.

Hapo ndipo wasimuliaji hupenda kusimama. Husema: mtazameni kijana huyu, alifanya kazi bila malipo, hakunung'unika, na mwisho alifanikiwa, nanyi vijana fanyeni vivyo hivyo. Sisi twauheshimu uvumilivu wa Nakazawa kwa moyo wote. Walakini hatukubali uvumilivu wake ugeuzwe kuwa sheria ya kuwafunga wengine. Kwanza twauliza: ni vijana wangapi waliokimbia mwaka mzima bure, kisha wakaambiwa waende zao? Majina yao hayamo katika daftari lolote, wala hakuna mwandishi aliyewafuata walikokwenda. Ukimhesabu mmoja aliyevuka mto ukawaacha waliochukuliwa na maji, utadhani mto ule ni mfupi wa kimo.

Pili, yafaa tuitazame hali ya mpira wa Japani mwaka ule. Ligi ya kulipwa ilipoanza mwezi wa Mei 1993 ilianza kwa shangwe na fedha nyingi, na wachezaji wenye majina makubwa waliletwa kutoka Ulaya na Brazili. Lakini uchumi wa nchi ulikuwa umekwisha kuingia katika dhiki, na baada ya miaka michache makampuni yaliyokuwa yakizibeba klabu yakaanza kufunga mikoba. Mwezi wa Oktoba 1998 ikatangazwa kwamba Yokohama Flügels, klabu iliyokuwa ikitegemea shirika la ndege na kampuni ya ujenzi, itavunjwa na kuunganishwa na Yokohama Marinos, klabu ya kampuni ya magari ya Nissan. Jambo hilo liliamuliwa na wakubwa wa makampuni mezani. Wachezaji na mashabiki waliletewa habari tu. Timu ile iliyokwisha kuhukumiwa kifo ikaendelea kucheza, na tarehe 1 Januari 1999 ikatwaa Kombe la Mfalme kwa kuwafunga Shimizu S-Pulse mabao 2-1. Walilipokea kombe, kisha klabu ikawa haipo tena. Wakati huo huo kampuni ya gazeti la Yomiuri nayo ilikuwa ikijitoa katika umiliki wa Verdy, ile ile aliyokuwamo Nakazawa, na wachezaji kadha wa mishahara mikubwa wakaondoka.

Basi aliyeingia kwa mlango wa nyuma bila ujira aliingia siku ambayo wenye nyumba walikuwa wakitafuta mahali pa kupunguza gharama. Hatusemi kwamba Verdy haikumfaa Nakazawa. Ilimfunza, na ilipomwona anaweza ilimpa mkataba. Hayo ni kweli na lazima yasemwe. Lakini katika mwaka ule wa kwanza hatari yote ilikuwa juu ya mabega ya kijana. Angevunjika mguu, angevunjika kwa hasara yake. Angefaulu, klabu ingepata beki kwa bei ya jezi na soksi. Mwanagenzi wa seremala hula nyumbani kwa fundi wake, na fundi hupoteza mbao na wakati kwa ajili yake. Kuna mapatano hapo, hata kama hayakuandikwa. Kazi ambayo upande mmoja hautoi kitu, wala hauahidi kitu, haistahili kuitwa uanagenzi, nasi twamshangaa mtu aliyekula mshahara wake kila mwezi tangu ujana wake anaposimama mbele ya vijana kuisifu.

Tumalize hapo kwa sasa, tumfuate mwenyewe.

Mwaka 2000 Nakazawa alikuwa katika timu ya Japani iliyotwaa Kombe la Asia nchini Lebanoni, na mwaka huo huo alikwenda Sydney katika Michezo ya Olimpiki. Mwaka 2002 Japani na Korea ya Kusini zikaandaa Kombe la Dunia pamoja, na kila Mjapani aliyejua kupiga mpira alitamani kucheza mashindano hayo nyumbani kwake. Nakazawa aliachwa, alikuwa na umri wa miaka 24. Mwaka huo alikuwa amehamia Yokohama, katika klabu iliyobeba herufi ya marehemu Flügels katika jina lake, Yokohama F. Marinos, na humo alikaa misimu kumi na saba mpaka mwisho wa kazi yake. Chini ya mwalimu wa timu Takeshi Okada, Marinos walikuwa mabingwa wa Japani mwaka 2003 na tena 2004. Katika mwaka huo wa pili Nakazawa akapewa heshima ya mchezaji bora wa ligi nzima, naye alikuwa beki wa kwanza wa Kijapani kuipata. Kabla yake heshima hiyo ilikwenda karibu kila mara kwa wafungaji na wachezaji wa katikati, kwa sababu tuliyoitaja mwanzo.

Mwaka huo wa 2004 ndio uliomfanya ajulikane Asia nzima. Kombe la Asia lilichezwa Uchina, na Wajapani walizomewa kila walipokwenda, maana vita vya zamani havijasahauliwa huko, wala hatuwezi kuwaamuru watu wasahau. Tarehe 3 Agosti, mjini Jinan, Japani ilikutana na Bahrain kuwania nafasi ya fainali. Mjapani mmoja alitolewa nje kabla ya mapumziko, wakabaki kumi. Dakika ya 85 Bahrain wakafunga bao la tatu, wakawa mbele 3-2. Ndipo Nakazawa alipoiacha kazi yake ya ulinzi akaenda mbele, na dakika ya 90 akaupiga mpira kwa kichwa ukaingia. Katika dakika za nyongeza Japani ikafunga la nne, na siku nne baadaye mjini Beijing ikawashinda wenyeji 3-1 ikatwaa kombe. Katika michezo 110 aliyoichezea nchi yake Nakazawa alifunga mabao 17, hesabu nzuri kwa mtu ambaye hakuajiriwa kufunga.

Kombe la Dunia la 2006 nchini Ujerumani lilikuwa chungu. Japani iliongoza dhidi ya Australia mpaka dakika ya 84, kisha ikafungwa matatu katika muda usiotosha kunywa kikombe cha chai; ikatoka sare na Kroatia bila ya bao; ikafungwa 4-1 na Brazili. Baada ya hapo alisema ameiacha timu ya taifa, lakini mwaka 2007 alirudi.

Sasa tuje kwenye Afrika ya Kusini, mwaka 2010, Kombe la Dunia la kwanza katika ardhi ya bara letu. Nakazawa alikuwa ndiye nahodha. Kabla ya mashindano timu ilikwenda vibaya sana. Tarehe 24 Mei ilifungwa na Korea ya Kusini 2-0 mbele ya watu wake. Magazeti ya Japani yakamtaka mwalimu Okada, yule yule wa ubingwa wa 2003, aondoke. Okada hakuondoka, alibadili. Akampa golikipa mwingine nafasi, akamweka nje Shunsuke Nakamura aliyekuwa nguzo ya timu kwa miaka mingi, na kitambaa cha unahodha akakitoa mkononi mwa Nakazawa akampa Makoto Hasebe, kijana wa miaka 26. Tarehe 30 Mei, mjini Graz, wakacheza na Uingereza. Japani ikatangulia kwa bao moja, kisha ikafungwa 2-1, na mabao yote mawili ya Uingereza yalitiwa na Wajapani wenyewe kwa bahati mbaya: la kwanza Marcus Tulio Tanaka, la pili Nakazawa.

Mfikirie mtu huyo usiku ule. Ana umri wa miaka 32, cheo kimeondolewa, na bao la kushindwa limetoka mwilini mwake. Tumewaona watu kazini ambao wakivuliwa cheo kidogo tu cha unyapara hukunja mikono, wakangoja kazi iharibike ili iwe ushahidi kwamba wao ndio waliokuwa wakiibeba. Nakazawa angeweza kufanya hivyo. Angeweza kudai kwamba mguu unamwuma.

Tarehe 14 Juni, mjini Bloemfontein, yeye na Tulio walisimama katikati ya ulinzi mbele ya Kameruni. Wengi wetu Waafrika tulikuwa upande wa Kameruni, wala hatuoni haya kusema hivyo. Tulimngoja Samuel Eto'o afanye miujiza. Hakufanya, kwani kila mpira wa juu ulikutana na kichwa cha Mjapani, na kila njia ya chini ilikuwa imefungwa. Japani ikashinda 1-0. Huko Durban walifungwa na Uholanzi bao moja tu, na Uholanzi ile ilifika fainali. Huko Rustenburg waliwashinda Denmark 3-1, na bao la Denmark lilitokana na penalti ambayo golikipa aliizuia kwanza. Tarehe 29 Juni mjini Pretoria wakacheza na Paraguay dakika 120 bila ya bao, wakatolewa kwa mikwaju ya penalti. Hesabu yake ni hii: michezo minne, dakika 390, mabao mawili tu yaliyoingia, na Nakazawa hakutoka uwanjani hata dakika moja. Hasebe alivaa kitambaa. Hatukupata kusikia kwamba kulikuwa na fitina kati yao.

Twataka kusema neno pia juu ya mwenzi wake wa Yokohama, Naoki Matsuda, kwani habari ya beki mmoja ni nusu ya habari. Mabeki wa katikati hufanya kazi wawili wawili, kama wabeba jeneza; mmoja akilegea mwingine huumia. Matsuda ndiye aliyecheza Kombe la Dunia la 2002 wakati Nakazawa alipoachwa, na wote wawili walikuwa ukuta wa Marinos katika miaka ya ubingwa. Mwisho wa 2010 klabu haikumpa Matsuda mkataba mpya, baada ya misimu kumi na sita. Akaenda Matsumoto Yamaga, klabu ya daraja la tatu wakati huo. Tarehe 2 Agosti 2011 alianguka katika mazoezi, moyo ukasimama, na tarehe 4 akafariki akiwa na umri wa miaka 34. Kwenye uwanja ule wa mazoezi hapakuwa na mashine ya kuushtua moyo. Marinos wakaistaafisha namba yake 3, isivaliwe na mwingine, na mashabiki walilia. Hayo yote ni mema. Lakini mashine ile ilitakiwa iwepo kabla ya maua. Mchezaji wa kulipwa akiwa mazoezini yupo kazini, na mwajiri aliyemwita jua la Agosti awajibika kuwa na kifaa cha kumwokoa, awe klabu ya daraja la kwanza au ya tatu. Baada ya kifo hicho habari ya mashine hizo ilisemwa sana Japani. Ilichukua maiti ya mtu mashuhuri ndipo ikasemwa hivyo.

Nakazawa aliendelea. Mwaka 2013, akiwa na miaka 35, Marinos walikuwa mbele katika ligi, na ushindi mmoja katika michezo miwili ya mwisho ungewapa ubingwa. Walishindwa yote miwili, na kombe likaenda Hiroshima. Tarehe 1 Januari 2014 timu hizo mbili zikakutana katika fainali ya Kombe la Mfalme. Marinos walishinda 2-0, na bao la pili lilikuwa la Nakazawa. Mwisho wa msimu aliandikwa tena miongoni mwa wachezaji kumi na mmoja bora, mara ya sita katika maisha yake, miaka kumi na minne baada ya ile ya kwanza.

Na hapa twafika kwenye tarakimu tunayoipenda kuliko zote. Tangu Julai 2013 mpaka Agosti 2018 Nakazawa alicheza michezo 178 ya daraja la kwanza mfululizo, kila mmoja tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Hakuna mchezaji wa ndani ya uwanja, ukiondoa golikipa, aliyewahi kufanya hivyo kabla yake katika ligi ile. Ni dakika 16,020, bila kuhesabu zile za nyongeza. Aliianza safari hiyo katika umri ambao wengi wamekwisha kutundika viatu, akaimaliza akiwa na miaka 40. Katika muda huo beki wa katikati akipewa kadi nyekundu moja tu, safu hukatika. Akipewa kadi za njano za kutosha, hukatika. Akiumia kifundo cha mguu siku ya Jumatano, hukatika. Maana yake ni kwamba alikuwa akizuia washambuliaji wa umri wa wanawe kwa miaka mitano, wala hakulazimika kuwavuta jezi kiasi cha kufungiwa.

Wapo watakaosema kwamba mtu huyu asingekuwa hivyo kama asingekanyagwa mwanzoni, kwamba ule mwaka wa bure ndio uliomtia chuma mwilini. Sisi hatuoni hivyo. Mtu aliyecheza dakika 16,020 bila kutoka alikuwa na chuma hicho alipoingia langoni mwa Verdy mwaka 1998. Kilichokosekana ni macho ya kukiona na mkono wa kukilipia. Shule yake ya Misato haikutazamwa, na sifa yake ya Brazili haikuulizwa. Kama klabu ingemlipa posho ya chakula na nauli mwaka ule, na kumwekea bima ya mguu wake, asingekimbia polepole zaidi. Na labda wenzake wawili watatu waliokuwa wakitafuta nafasi kama yake, ambao walilazimika kuacha kwa sababu nyumbani hakukuwa na wa kuwalisha, wangebaki mwezi mmoja zaidi, tukayajua majina yao pia.

Mwezi wa Agosti 2018 goti likakataa, na ile safu ya michezo 178 ikakatika. Tarehe 8 Januari 2019 akatangaza kwamba amestaafu, akiwa amecheza michezo 593 ya daraja la kwanza. Msimu uliofuata, wa kwanza bila yeye tangu 2001, Yokohama F. Marinos wakawa mabingwa wa Japani, ubingwa waliokuwa wakiungoja tangu 2004.